Toleo la Zamani Halijafa kwa Sababu Wewe Umelihama

Kauli inayotawala sasa miongoni mwa waandika programu wa Dar es Salaam, Arusha, hata Nairobi, ni fupi na husemwa kwa uhakika wa hukumu ya kadhi: toleo la zamani limekufa, lizikwe. Lugha ya programu ikitoa toleo jipya, andika kwa jipya tu. Mwenye kompyuta ya zamani ataapdeti, na asiyeapdeti ni shauri yake. Anayehangaika kuandika msimbo unaokubalika na matoleo yote mawili huonekana mzee wa kazi aliyeshindwa kuachia, au mwoga, au mvivu wa kujifunza. Nimeisikia kauli hiyo kwenye usaili wa kazi. Nimeisikia kwa walimu wa vyuo. Zaidi ya yote nimeisikia kwa vijana walioanza kuandika programu juzi, ambao hawajawahi kuutunza mfumo wowote hadi ukatimiza miaka mitatu.

Naipinga. Wala siji na ile methali ya mbachao na msala upitao. Vitu vya kale sivionei huruma yoyote. Naipinga kwa kuwa ni hesabu mbovu. Inahesabu gharama ya anayeandika, inaisahau gharama ya anayetumia, kisha inauita usahaulifu huo maendeleo. Wenye kauli hii nitawaita wazikaji, kwa kuwa kuzika ndilo neno lao wenyewe.

Chukua Miono. Ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, mkoani Pwani. Ukitoka Chalinze mjini unashika barabara ya Segera, unapita Lugoba na Msata, unavuka Mto Wami, kisha Mandera unaiacha barabara kuu na kukata kulia kuelekea Miono, Mkange na pwani ya Saadani. Pana sekondari, pana kituo cha afya, pana ofisi ya kata. Katika ofisi za aina hiyo, nchi nzima, kompyuta huwa haikuchaguliwa na anayeitumia. Ililetwa na mradi, au na halmashauri, au iliachwa na mfadhili aliyemaliza muda wake akaenda zake. Muuguzi, mwalimu wa taaluma au mtunza stoo anayeikalia hana nenosiri la msimamizi, hana fungu la kununua nyingine, na mara nyingi kifurushi cha intaneti anachotumia ni cha simu yake mwenyewe. Kumwambia mtu huyo aapdeti ni kumwagiza jambo ambalo mamlaka yake yako halmashauri, au Dodoma.

Tuitazame kompyuta ya Windows 7, ambayo bado haijaisha maofisini. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Google ikafuata: Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho iliyokubali kukaa ndani yake. Toleo lililofuata, 110, ndilo lililoleta kwenye Chrome neno jipya la JavaScript, “toSorted”, linalopanga orodha bila kuivuruga ile ya asili. Ni neno zuri, nalipenda. Lakini kijana akiliandika mara moja tu katika ukurasa wa kupokea wagonjwa, Chrome ya Windows 7 itafika hapo na kusimama. Mhudumu ataona orodha tupu au ukurasa mweupe, na hapatakuwa na ujumbe wa kumwambia kwamba kosa liko kwa mtu aliyekaa Dar es Salaam. Angeandika “slice” kisha “sort”, maneno yaliyomo katika JavaScript tangu miaka ya 1990, kazi ingekuwa ileile kwa herufi chache zaidi, na ingekubali kompyuta ya Miono na ya Masaki sawasawa. Atakayesema mhudumu aweke Firefox amerudi palepale pa kumwagiza mtu jambo lisilo la mamlaka yake.

Toleo moja la kivinjari, neno moja. Huo ndio ukubwa wa mzigo tunaoambiwa haubebeki.

Barabara hiyohiyo ya kwenda Miono ina jambo ambalo wahandisi wa ujenzi hawalibishii. Daraja la zamani la Wami, la mwaka 1959, lilikuwa jembamba, la gari moja kwa zamu, na aliyezoea njia ya Tanga na Moshi anakumbuka jinsi dereva alivyokuwa akipunguza mwendo na abiria kunyamaza. Hakuna aliyelitetea. Hata hivyo hakutokea mhandisi wa kulibomoa kwanza ndipo aanze kuchimba misingi ya jipya. Jipya lilijengwa pembeni, na muda wote huo mabasi na malori yaliendelea kupita kwenye lile jembamba. Kuhama kulikuja pale jipya lilipoweza kubeba magari. Katika programu tunasifu kinyume chake: anayebomoa kwanza ndiye shujaa, na abiria aliyebaki ng'ambo analaumiwa kwa kutojua kuogelea.

Wazikaji hupenda kutoa mfano wa lugha ya Python. Wanasema: Python 3 ilivunja msimbo wa zamani, watu walilia, leo wote wako Python 3, basi kuvunja kulifaulu. Nataka nikae kidogo hapa, maana mfano wao unawashuhudia vibaya.

Python 3.0 ilitoka tarehe 3 Desemba 2008 ikiwa imebadili mambo ya msingi. Amri ya “print” ikaanza kudai mabano. Maandishi na baiti, vilivyokuwa vikichanganywa ovyo, vikatenganishwa. Kugawa namba kamili kukatoa jibu tofauti. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu zake, hasa lile la maandishi; aliyewahi kuhifadhi majina kwa herufi za Kiarabu ndani ya Python 2 hahitaji kuelezwa. Mpango wa kuhama ulikuwa huu: endelea kuandika kwa Python 2, na kila unapotoa programu yako ipitishe kwenye chombo kiitwacho 2to3, kitakachoigeuza kuwa Python 3. Ukoo wa 2 ulipangiwa kustaafu mwaka 2015.

Mpango ule haukuenda. Chombo cha kugeuza kilikuwa kizito, kilikosea palipohitaji akili ya mtu, na hitilafu zilizojitokeza upande wa pili zilitaja mistari ambayo mwandishi hakuiandika. Maktaba kubwa hazikuhama, na waliozitegemea hawakuweza kuhama hata wangetaka. Kilichowavusha watu ni jambo ambalo mpango wa awali haukulitilia maanani: msimbo mmoja, usiogeuzwa, unaoendeshwa na Python zote mbili. Mwaka 2010 Benjamin Peterson alitoa maktaba ndogo aliyoiita six, yaani sita, mbili mara tatu. Ilikuwa faili moja tu, lililokusanya mahali pamoja tofauti za matoleo hayo mawili. Watu wakaanza kuvuka.

Kisha lugha yenyewe ikarudi nyuma kuwapokea. Python 3.3, ya mwaka 2012, iliirudisha ile “u” ndogo inayotangulia maandishi, ambayo 3.0 ilikuwa imeifuta. Kazi yake pekee ndani ya toleo jipya ni kuruhusu mstari uleule usomeke na la zamani. Python 3.5, ya mwaka 2015, ikarudisha namna ya zamani ya kujaza thamani ndani ya baiti. Katikati ya hapo, mwaka 2014, tarehe ya kustaafu ikasogezwa hadi 2020. Toleo la mwisho la ukoo ule, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020, zaidi ya miaka kumi na moja baada ya Python 3.0 kutoka.

Ufuatilie mlolongo huo hatua kwa hatua. Palipokuwa na kuvunja, watu walikwama. Palipokuwa na kupatanisha, walisogea. Instagram ilitangaza mwaka 2017 kwamba imehamia Python 3, na programu ya Dropbox ya kwenye kompyuta ikafuata mwaka 2018. Wote wawili walipita katika kipindi ambacho msimbo wao ulikuwa ukikubali matoleo yote mawili, huku watumiaji wakiendelea na shughuli zao. Guido van Rossum, muasisi wa Python, alikuwa mwajiriwa wa Dropbox wakati huo. Chombo cha 2to3 nacho kiliondolewa katika Python 3.13 ya Oktoba 2024, karibu bila matanga, ilhali six bado inapakuliwa kila siku. Kwa hiyo mzikaji anapojigamba kwa ushindi wa Python 3 anajigamba kwa jasho la watu ambao wakati ule aliwaita waoga.

Katika mabadiliko yale yaliyotajwa, lenye sifa mbaya ni “print”, lakini la hatari ni kugawa. “Print” inapiga kelele: programu inakataa kuanza, unajua pa kurekebisha. Kugawa hakupigi kelele. Katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, desimali hutupwa, kwa hiyo 7 kwa 2 ni 3. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Sasa tuseme kituo kinatafuta asilimia ya watoto waliopata chanjo, 45 kati ya 60: gawanya, zidisha kwa 100. Python 3 itajibu 75. Python 2, kwa mstari uleule, herufi kwa herufi, itajibu 0, maana 45 kwa 60 ilishageuka 0 kabla ya kuzidishwa. Zote mbili zitaandaa ripoti nzuri yenye nembo. Hapatakuwa na mstari mwekundu wala onyo. Patakuwa na afisa chanjo wa wilaya anayepiga simu akiuliza kwa nini kata nzima haikuchanja hata mtoto mmoja, na muuguzi aliyekesha na kitabu cha MTUHA, rejesta ya taarifa za kituo, akijitetea kwa kosa asilolijua.

Dawa yake ilikuwamo ndani ya Python 2 tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001. Ni mstari mmoja unaoanza na “from __future__”. Ukiuweka juu ya faili, matoleo yote mawili yanajibu 75. Nikisikia mtu anasema upatanifu, yaani kuandika msimbo unaokubalika na matoleo yote mawili, ni kupoteza muda, huwa najiuliza kama amewahi kupigiwa simu ya namna ile.

Tena hatuna haja ya kwenda California kutafuta waliofanya vizuri. Mwaka 2008, Dar es Salaam, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipewa simu zenye programu ya CommCare, ya kampuni ya Dimagi, iwaongoze wanapozungukia kaya. Ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa programu hiyo kutumika. Simu zenyewe zilikuwa viswaswadu, na ndani yake mlikuwa na J2ME, Java iliyopunguzwa mpaka ikaenea kwenye simu ndogo. Kupunguzwa kwenyewe hakukuwa kwa mchezo. Hakuna ArrayList, ipo Vector. Hakuna HashMap, ipo Hashtable. Hakuna aina zenye vigezo, zilizoingia Java ya kawaida mwaka 2004. Programu haina uwezo wa kujichunguza yenyewe ikiwa inatembea. Chini ya CommCare palikuwa na maktaba ya wazi, JavaRosa, ambayo husoma fomu zilizotungwa kwa muundo wa XForms na kumwuliza mhudumu swali baada ya swali.

Waandishi wa JavaRosa walikuwa na Java kamili kwenye kompyuta zao. Wangeweza kuandika kwa raha zao, kisha wakadai wahudumu wanunuliwe simu kubwa. Waliandika kwa Java ya kiswaswadu, Vector juu ya Vector, hadi wakatunga njia yao wenyewe ya kuhifadhi data na kuirudisha, kwa kuwa ile ya kawaida haikuwamo. Ukiusoma msimbo ule wa zamani unauona ulivyo mkavu. Hauna pambo hata moja la miaka ile. Lakini Java iliyobanwa ni sehemu ya Java kubwa, na kinachotembea kwenye ndogo hutembea kwenye kubwa. Simu za Android zilipoenea, maktaba ileile ikahamia huko. ODK Collect, ambayo watafiti wa Afrika Mashariki wameitumia kukusanya takwimu vijijini kwa miaka mingi, imejengwa juu ya JavaRosa. Fomu iliyotungwa kwa ajili ya simu ndogo haikulazimika kutungwa upya, na mradi haukulazimika kutupa simu zake zote siku moja ili kuanza na mpya.

Leo JavaRosa haibebi tena mzigo ule. Imeandikwa kwa Java ya kisasa, na ukale wake mwingi umefutwa. Ulifutwa simu zile zilipotoka mikononi mwa watu. Huo ndio utaratibu ninaoutetea, na kwa kuwa ulianza kufanyiwa kazi katika mitaa yetu wenyewe, asije mtu akaniambia ni ndoto ya vitabuni.

Hoja yenye uzito upande wa pili ni usalama, na siipiti kwa mzaha. Lugha ya PHP, toleo la 5.6, iliacha kupata viraka vya usalama mwisho wa mwaka 2018. Seva inayoiendesha hadi leo ni nyumba isiyo na komeo, na kama ndani yake mna majina ya wagonjwa au mishahara ya walimu, aliyeiacha hivyo ana la kujibu, tena kisheria, tangu ilipopita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hapo tunakubaliana.

Lakini tuulize kwanza seva hizo zimekwamia nini. Mara nyingi jibu ni jina moja: “mysql_query”. Amri hiyo na ndugu zake, zilizotumika kuzungumza na hifadhidata, zilitangazwa kuwa za kuachwa katika PHP 5.5 mwaka 2013, zikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 Desemba 2015. Mfumo ulioandikwa kwa amri hizo ukiupandisha unazima. Bwana mhasibu akiambiwa achague kati ya mfumo wa ada unaotembea leo na usalama wa kesho asiouona, atachagua ada, na sioni kwa nini nimlaumu. Wa kulaumiwa yuko nyuma yake. Mbadala wa amri zile, PDO, ulikuwamo ndani ya PHP tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005. Aliyeandika kwa PDO mwaka 2008 aliipandisha seva yake siku ya PHP 7, akasahihisha machache, akarudi kunywa chai. Aliyeandika kwa “mysql_query” mwaka 2014, onyo likiwa limeshatoka, aliifungia ofisi ya watu kwenye toleo ambalo limeshapangiwa kufa, akapokea malipo yake na kuondoka.

Kwa hiyo hoja ya usalama iko upande wangu. Seva hupandishwa bila hofu pale msimbo ulipoandikwa kulikubali la jana na la kesho kwa pamoja. Ulipoandikwa kwa toleo moja tu, kila kupanda ni kuvunja, na ofisi iliyovunjikiwa mara mbili haipandi tena; ndipo komeo linapokosekana. Wazikaji wanadhani upatanifu hutazama nyuma peke yake. Nusu ya kazi yake iko mbele: kusoma maonyo ya lugha yakiwa bado maonyo, na kuandika leo kwa namna itakayosomeka na toleo ambalo halijatoka.

Husema pia kwamba msimbo wa namna hii unachafuka. Kila mstari una “if”: ikiwa la zamani fanya hivi, ikiwa jipya fanya vile, na baada ya mwaka hakuna anayeelewa lolote. Msimbo kama huo upo, nimeusoma, unaumiza macho. Ni ufundi mbaya tu, kama ulivyopo katika kila jambo. Tofauti za matoleo hukusanywa kwenye faili moja lenye jina linaloeleweka. Kwingine kote unaandika kwa ile sehemu ya lugha ambayo matoleo yote huielewa, na ukikaa kuitazama utaiona ni kubwa kuliko ulivyodhani. Huulizi kivinjari kina namba gani. Unauliza kama uwezo unaoutaka upo, na kama haupo unakipa mbadala. Kisha kila badiliko linajaribiwa na mashine, kwa toleo la chini kabisa unaloliahidi na la juu kabisa. Kama unaahidi kuihudumia Windows 7, nenda Kariakoo ukanunue kompyuta ya mtumba yenye Windows 7, iweke mezani kwa timu, na asiruhusiwe mtu kusema “kwangu inafanya kazi” kabla hajaiwasha hiyo.

Gharama ipo, sikatai. Mwandishi atakosa baadhi ya vitamu vya lugha mpya kwa mwaka mmoja au miwili. Ila yeye ni mtu mmoja, analipwa kwa kazi hiyo, na ana umeme. Ukiikataa gharama hiyo haifi. Inagawanywa kwa watu mia wasiolipwa kwa ajili yake, kila mmoja akipoteza asubuhi yake mbele ya skrini nyeupe na foleni ya wagonjwa nyuma yake.

Kuhusu madai kwamba wakubwa wa dunia hawajishughulishi na mambo haya, nitakuwa mfupi, maana si kweli. Lugha ya Go ilipotoa toleo lake la 1, Machi 2012, ilitoka na ahadi ya maandishi kwamba programu zilizoandikwa kwa toleo hilo zitaendelea kukubaliwa na matoleo yatakayofuata, na mpaka sasa inajivunia ahadi hiyo. Kiini cha Linux kina kanuni kwamba badiliko lolote lisivunje programu za watumiaji, na anayeivunja hurudishiwa kazi yake, wakati mwingine kwa maneno makali. Hapa kwetu, Vodacom ilianza M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Leo kuna programu yake ya simu janja yenye rangi na picha, lakini piga *150*00# kwenye kiswaswadu chochote, itakujibu. Serikali nayo ina *152*00#. Kampuni ya simu haiiachi hai USSD, huduma hiyo ya kupiga namba, kwa ajili ya sadaka. Inajua mwenye kiswaswadu akifungiwa mlango atahamia mtandao mwingine na pesa zake.

Na hapo ndipo kauli ya kuzika inapojifichua. Pale mteja anapoweza kuondoka, upatanifu hulindwa. Pale asipoweza, tunahubiriwa kwamba la zamani limekufa. Mgonjwa wa Miono hana kituo cha pili cha kukimbilia kwa sababu mfumo wa cha kwanza umekataa kufunguka, na mwanafunzi hachagui mfumo utakaochapa matokeo yake.

Sitetei kubaki daima. Chuo kinachofundisha Python 2 leo kinawaibia wanafunzi. Ofisi inayokataa kununua kompyuta moja kwa miaka kumi na mitano haiwezi kumtwika mwandika programu uzembe wake wote. Toleo la zamani lina siku yake ya kuachwa, na siku hiyo ikifika liachwe bila kulialia. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayeipanga. Sasa hivi inapangwa na kalenda ya mtu aliye mbali, au na hamu ya kijana aliyesoma habari za toleo jipya jana usiku.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kusubiri mtu. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ina wajibu wa kusimamia viwango vya mifumo ya umma. Zabuni ya mfumo wowote utakaofika ngazi ya kata idai mambo mawili kwa maandishi: toleo la chini kabisa litakalohudumiwa, la lugha, la kivinjari na la mfumo endeshi, na taarifa ya miezi isiyopungua kumi na miwili kabla ya toleo hilo kuachwa. Mzabuni asiyeweza kuyajaza hayo hajui anachouza. Na tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya enzi ya Python 2. Python 3.9, ya Oktoba 2020, haikubali Windows 7. Ya mwisho kuikubali ni 3.8, nayo huduma yake ilikoma Oktoba 2024. Kwa hiyo kila anayeandika leo chombo kidogo cha Python kwa ajili ya ofisi za wilayani ameshachagua upande, awe anajua au hajui.

Mzikaji atasema watu hao wamebaki wachache mno, hawastahili jasho lote hili. Huenda ni kweli, na ni jambo linalopimika. Kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva hujitaja jina na toleo lake, na seva huandika. Kumbukumbu hizo mzikaji anazo tayari, za miezi mingi, na kwa mchana mmoja wa kazi angeweza kutuambia katika kila watu mia wanaoingia ni wangapi bado wako Chrome 109, na wanaingia wakitokea vituo vipi. Nimewaomba hesabu hiyo wazikaji kadhaa katikati ya mabishano, na mpaka leo hakuna aliyerudi nayo.